Mzazi huuliza alama, mtoto huhesabu maharagwe

Na Mwandishi Wetu

Shule ni moja, lakini mzazi na mwanawe huizungumzia kana kwamba ni mbili. Ni nani kati yao anayeijua?

MUULIZE mzazi yeyote mwenye mtoto katika shule ya upili ya umma kama shule hiyo ni nzuri au mbaya, naye atakujibu kwa tarakimu. Atakuambia ilipata wastani wa saba nukta ngapi katika KCSE, ni wanafunzi wangapi walioitwa vyuo vikuu, na kama basi la shule ni jipya au ni lile kuukuu la miaka yote.

Kisha msubiri mtoto atoke langoni siku ya kufunga shule, sanduku la bati begani, umuulize swali lilo hilo. Huyo hatakutajia wastani. Atakuambia mifereji hukauka kuanzia katikati ya wiki, maharagwe yana wadudu, mwalimu wa fizikia ni mtu wa maana sana, na kwamba katika bweni lao kuna kiranja ambaye hata walimu wanamwogopa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ajabu ni kwamba sisi wazazi, ambao hatujalala katika mabweni hayo hata usiku mmoja, ndio tunaoombwa maoni kuhusu shule. Wenye kulala humo huambiwa wanyamaze wasome.

Msomaji mpendwa, usidhani nakusudia kuwatetea watoto kwa kila jambo. Kijana wa miaka 16 anaweza kuichukia shule nzuri kwa sababu tu imemnyima simu, au kwa kuwa kengele ya alfajiri hulia wakati usingizi umekolea. Manung'uniko mengine ni ya kupuuzwa. Lakini kuna mengine ambayo yakipuuzwa hugharimu maisha, na nchi hii imekwisha kulipa gharama hiyo zaidi ya mara moja.

Wastani hausemi kitu

Tuanze na huo wastani tunaouabudu. Katika KCSE alama ya A huhesabiwa kuwa pointi 12 na E pointi moja, na pointi za watahiniwa wote hujumlishwa zikagawanywa. Ni hesabu tu. Shule za kitaifa, ambazo kwa miaka mingi zilipewa watoto waliofanya vyema zaidi katika darasa la nane, zingeshangaza kama hazingetoa wastani wa juu. Wastani huo hukuonyesha aina ya mtoto aliyeingia langoni kuliko unavyokuonyesha kazi ya mwalimu aliyemkuta ndani.

Tazama pia takwimu za nchi nzima. Mwaka 2024 watahiniwa 962,512 walifanya KCSE. Waliopata C+ na zaidi, yaani alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Ni kama mmoja kati ya kila wanne. Hao watatu waliobaki nao walikaa miaka minne katika shule fulani, wakala humo, wakalala humo, wakafundishwa au wasifundishwe. Maoni yao kuhusu shule hayamo katika tarakimu yoyote.

Wizara ya Elimu yenyewe ilipiga marufuku kuorodhesha shule kwa matokeo mwaka 2014. Haikusaidia sana, kwani matokeo yakitangazwa tu, shule hujipigia hesabu zenyewe na wanafunzi hubeba mwalimu mkuu juu juu mbele ya kamera.

Sasa mambo yamezidi kuwa magumu kwa mzazi wa kutegemea wastani. Watoto wa kwanza wa mtaala mpya walifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa mwaka 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Hawa walitakiwa kuchagua mkondo kwanza, ama sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ama sayansi za jamii, ama sanaa na michezo, ndipo wachague shule. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 limepangiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Kwa hivyo ule wastani ambao baba anautaja mezani ni wa mtihani ambao binti yake wa Gredi ya 10 hatawahi kuufanya.

Hata hivyo, katika nyumba ninazozifahamu, orodha ya shule iliandikwa na baba kwa kalamu yake. Mtoto alipewa kazi ya kutia jina.

'Niko sawa tu'

Lakini mzazi naye atasema: mbona huyu mtoto nikimuuliza hali ya shule hujibu kwamba yuko sawa? Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na nawaomba tupatazame polepole.

Sababu ya kwanza ya kunyamaza ni karo. Ada rasmi ya bweni katika shule za kitaifa, na za daraja la pili zilizo katika miji mikubwa, imekuwa Sh53,554 kwa mwaka, na Sh40,535 kwingineko. Hiyo ni ile ya kwenye karatasi. Ongeza sare, godoro, vitabu vya ziada na nauli. Mtoto alikuwepo ng'ombe alipotolewa zizini. Aliona mamake akihesabu mkopo wa chama usiku kwa mwanga wa taa. Mtoto huyo akiketi mbele ya wazazi wake siku ya kutembelewa, hawezi kufungua kinywa aseme kwamba halali vizuri. Anajua neno hilo litasikika kama utovu wa shukrani.

Ya pili ni woga. Mimi nilisoma katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja, na huko barua zilipelekwa ofisini bahasha zikiwa wazi ili mwalimu wa zamu azisome kabla ya kutiwa posta. Tulijifunza upesi kuandika barua za aina moja: mimi mzima, masomo yanaendelea, naomba pesa za matumizi, nisalimieni nyanya. Siku hizi shule kadhaa zina simu ambazo wanafunzi huruhusiwa kupigia nyumbani. Jaribu kueleza mtesi wako kwenye simu hiyo, foleni ikiwa nyuma yako na yeye mwenyewe ni wa tatu kwenye foleni.

Ya tatu ni sisi wenyewe. Mtoto akithubutu kusema, humjibu kwamba hata sisi tulikula maharagwe hayo hayo na tukawa watu. Nimechunguza, nikaona wanaojivunia sana maharagwe yenye wadudu ni wale ambao leo hawawezi kuyatia mdomoni.

Kuna pia suala la fimbo, ambalo huwagawanya mzazi na mtoto kuliko chakula. Adhabu ya viboko ilifutwa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa kimwili au kiakili. Lakini wapo akina baba wanaomwambia mwalimu mbele ya mtoto mwenyewe, "Huyu ni wako, mchape." Mtoto aliyesikia maneno hayo hatarudi kwa baba yake kushtaki kwamba amepigwa hadi akaumia. Mlango huo umefungwa, tena umefungwa na aliyepaswa kuuacha wazi.

Ni haki niseme na la upande wa walimu. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa na ahadi ya kutoa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma kila mwaka. Ahadi ni kitu kimoja na pesa mkononi ni kingine. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha mwenyewe aliwaambia wabunge kwamba hazina haimudu kiasi hicho chote. Mwalimu mkuu ambaye pesa zake zimechelewa huwa na deni kwa muuza mahindi, muuza kuni na kampuni ya umeme. Mpishi huambiwa apunguze. Kwa hivyo sahani ya mtoto ikipungua maharagwe, si lazima pawe na mwizi jikoni.

Lakini angalia hapo jambo moja. Aliyejua kwanza kwamba shule imeishiwa hakuwa mkaguzi wala mwakilishi wa wazazi. Alikuwa ni yule aliyekuwa akihesabu maharagwe. Mtoto hajui sababu, ila dalili huziona wiki nyingi kabla ya barua ya kuomba mchango kufika nyumbani.

Mzazi aulize nini?

Siku ya kutembelewa tunaijua sote. Leso hutandikwa chini ya mti, kuku na chapati hutolewa kwenye vyombo vya kuhifadhi joto, shangazi amekuja na soda. Mtoto hula. Mzazi humuuliza masomo yanaendeleaje, naye hujibu yanaendelea vizuri. Saa kumi kengele hulia.

Maswali ya namna hiyo hayana faida kwa kuwa jibu lake limekwisha tayarishwa. Swali zuri ni lile lisiloweza kujibiwa kwa "niko sawa". Muulize jana jioni walikula nini na walikula saa ngapi. Muulize analala kitanda cha juu au cha chini, na jirani yake anaitwa nani. Mtoto asiyeweza kumtaja rafiki hata mmoja baada ya muhula mzima ana jambo. Muulize akiugua usiku wa manane humwamsha nani, na mtu huyo hulala wapi. Muulize ni somo gani ambalo mwalimu hajaingia darasani wiki hii. Tena mtazame anavyokula, na mtazame ngozi ya vidole vyake kama ana upele, maana upele huelekea kusambaa mahali ambapo watoto wamesongamana na maji ni haba.

Kwa binti kuna swali moja zaidi. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, serikali ina wajibu wa kumpa kila msichana wa shule ya umma aliyebaleghe sodo za bure na za kutosha, pamoja na mahali salama pa kuzitupa. Je, zimefika shuleni kwao? Baba akiona haya kuuliza, mama aulize, au dada mkubwa. Jibu la swali hilo litakuonyesha usimamizi wa shule ulivyo kuliko hotuba ya mwalimu mkuu.

Halafu kuna swali ambalo mimi ningeliweka la kwanza: usiku mlango wa bweni lenu hufungwa kwa ndani au kwa nje, na dirisha lililo karibu nawe lina vyuma?

Wenye umri wa kutosha watakumbuka Bombolulu. Machi mwaka 1998 wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule yao huko Kwale. Miaka mitatu baadaye, usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, moto ulizuka katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, katika bweni walimolala wavulana zaidi ya 130. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Wavulana 67 walikufa. Moto huo uliwashwa na mtu, na ulikuja baada ya wiki kadhaa za manung'uniko shuleni humo, yakiwemo ya matokeo ya mtihani yaliyofutwa.

Sisemi kwamba mwanafunzi asiyesikizwa ana ruhusa ya kushika kiberiti. Hana. Kumuua mwenzako usingizini si malalamiko. Nasema tu kwamba kufuli hiyo haikuwekwa mlangoni usiku ule mmoja, na vyuma vya madirisha havikuchomelewa jioni hiyo. Wavulana walivitazama kila siku. Wazazi wao, waliokuja kutembelea na kuketi chini ya miti, hawakuwa na sababu ya kuingia bwenini.

Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na wizara mwaka 2008 unasema wazi kwamba madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje na iwe na upana wa futi tano, pawe na mlango wa dharura, na kati ya kitanda na kitanda pasipungue mita 1.2. Mita 1.2 ni rahisi kupima. Mtoto wako anaweza kuzipima kwa hatua zake na kukuletea jibu.

Wa kutwa nao

Nimesema mengi kuhusu bweni kwa sababu huko ndiko kuliko na siri. Shule ya kutwa haina siri nyingi, ina aibu. Mzazi ambaye mwanawe yuko shule ya kutwa ya kata huitaja kwa sauti ya chini, kana kwamba ameshindwa kitu. Mtoto naye hulalamikia umbali, chakula cha mchana ambacho wazazi hulipia, na kazi za nyumbani zinazomngoja jioni kabla hajagusa kitabu. Mengine ni mazito, kama shule kukosa mwalimu wa kemia muhula mzima. Ila mtoto huyo akirudi na jicho lililovimba, mamake huliona jioni ile ile. Katika bweni kuu la shule yenye jina, huenda akaliona baada ya wiki sita, likiwa limepona.

Baraza la Griffin

Yupo mtu aliyejaribu kuyasikiliza maoni haya bila kungoja moshi. Geoffrey Griffin alianzisha Starehe mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kwa ajili ya wavulana wasio na makao jijini Nairobi. Starehe si shule ya umma kwa maana kamili, kwani ina wafadhili wake, lakini imehesabiwa miongoni mwa shule za kitaifa na watoto wengi wa maskini wamepitia humo. Hadi alipofariki mwaka 2005, Griffin alikuwa na desturi ya baraza kila wiki. Mvulana yeyote aliweza kusimama mbele ya shule nzima na kuuliza au kulalamikia lolote, hata chakula, na mkurugenzi akajibu papo hapo. Kama jambo haliwezekani, aliambiwa haliwezekani na sababu yake.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kwangu. Mtoto aweza kula maharagwe machache kwa amani akiambiwa kweli kwamba pesa hazijafika. Anachoshindwa kukimeza ni kuambiwa kwamba maharagwe hayajapungua.

Katika shule za umma za kawaida, mpango wa kuwa na mabaraza ya wanafunzi waliochaguliwa na wenzao badala ya viranja waliowekwa na walimu ulishika kasi mwaka 2009. Sheria ya mwaka 2013 ikaenda mbele, ikampa mwakilishi wa wanafunzi kiti katika Bodi ya Usimamizi wa shule kwa wadhifa wake. Bodi hiyo hiyo ina viti sita vya wawakilishi wa wazazi. Swali ni kama katika shule ya mwanao kiti hicho cha mwanafunzi hukaliwa, au huitwa tu siku ya kupiga picha. Muulize mtoto jina la mwakilishi wao. Kama halijui, umekwisha kupata jibu.

Na wewe mzazi huna haja ya kuwa katika bodi ili useme. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa Chama cha Wazazi kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo, na miongoni mwa kazi za chama hicho zilizoandikwa ni kushughulikia lishe na afya ya wanafunzi. Haikuandikwa kununua basi pekee.

Ukweli ni kwamba katika mikutano mingi ya mwaka niliyohudhuria, basi ndilo huchukua asubuhi yote. Baada yake huja hotuba ya mgeni wa heshima, kisha matokeo ya mtihani, kisha zawadi. Ajenda ya mwisho kabisa huwa ni "mambo mengine". Hapo ndipo mzazi angeinua mkono aulize habari za maji, za mlango wa bweni na za kiranja yule. Lakini ikifika hapo ni saa kumi na nusu, mwenyekiti amechoka, na nusu ya wazazi wameshatoka kuwahi matatu ya mwisho ya kurudi mjini.

Mwakilishi wa wazazi wa darasa la mwanao anaweza kuomba kwa maandishi, kabla ya siku ya mkutano, jambo hilo liwekwe juu ya ajenda. Barua ya mwaliko huletwa na mtoto mwenyewe, imekunjwa mfukoni mwa sare, na tarehe huwa imo ndani yake.